Mashine Iliyompima Mmoja Ikampa Mwingine

Vijana wangu, kaeni vizuri, na huyo mwenye simu aiweke mfukoni. Mimi ni Ma Koku wa Kibeta. Wengine hapa mnanijua kwa migomba yangu, wengine kwa ukali wangu, lakini kabla ya migomba nilikuwa mwandishi wa programu za kompyuta. Si hizi zenu za picha na muziki. Zangu zilikuwa zile za chini kabisa, ambazo mashine ikiwashwa zinaamka kabla ya nyingine zote, zinapanga nani aanze na nani asubiri, na hakuna anayezishukuru. Wataalamu huziita mfumo wa uendeshaji. Mimi niliziita kazi za mama mwenye nyumba.

Mjukuu wangu ananiambia kwamba sasa mashine inamwandikia programu yeye akiwa anakula chapati. Sawa, kula. Ila siku mashine yako itakapompima mtu mmoja ikampa dawa mwingine, utanikumbuka.

Niliingia katika mambo ya nyaya kwa sababu ya vita. Vita vya Amin vilinikuta kwenye swichibodi ya simu Bukoba, binti mwembamba mwenye vipokea sauti vinavyonibana masikio. Kila mkubwa alitaka kuzungumza na kila mkubwa mwenzake kwa wakati mmoja, na wote walikuwa wa haraka. Hapo ndipo nilipojifunza kitu kimoja kilichonilisha maisha yangu yote: ukimshika mtu kwenye waya, mshike huyo huyo hadi amalize. Usimuulize huyu shida yake halafu ukamuunganisha yule. Niliwahi kumuunganisha kamanda mmoja na duka la nyama, na wakazungumza muda mrefu wakielewana vizuri tu.

Baada ya vita likaja lile jambo jingine, ukimwi. Mwanzoni tuliliita Juliana, kwa jina la mashati yaliyokuwa yanauzwa na wafanyabiashara wa mpakani, kwa sababu wafanyabiashara hao ndio walioanza kukonda. Tulicheka. Halafu hatukucheka tena kwa muda mrefu, maana kila Jumamosi ilikuwa na mazishi na wakati mwingine ulilazimika kuchagua uende kwa nani. Nawaambia hivyo ili mjue kwamba tulipoanza kucheka upya, tulicheka kwa nguvu, hata kwa vitu vidogo. Tulikuwa na njaa ya kucheka.

Ulikuja mradi wa afya, ukaweka redio kwenye zahanati za Muleba: Kimwani, Buganguzi, Nshamba na kwingineko. Redio hizi hazikubeba sauti. Muuguzi aliandika ujumbe kwenye kibodi, ukasafiri hewani kwa mlio kama wa nyenje, ukafika Muleba mjini kwenye kompyuta yetu. Kompyuta iliupima. Kama ni wa dharura, ilipiga kengele na kuuchapa kwenye karatasi, na dereva wetu, Ta Kato, aliichukua ile karatasi, akaingia kwenye gari la wagonjwa na kuondoka. Kama si wa dharura, ilikaa kimya na kuuchapia kwenye kapu, tukausoma baada ya chai.

Kompyuta yenyewe ilikaa chumba cha nyuma cha duka la Mzee Nuru. Huyu Nuru alikuwa wa zile familia za Kihindi zenye maduka Bukoba, akafungua tawi Muleba la redio, betri na viberiti. Ndugu zake wengi walishaondoka, wengine Dar, wengine ng'ambo. Yeye alibaki, akisema hawezi kuhamia mahali ambapo hakuna senene, wale panzi wetu wa kukaanga. Kihaya alikizungumza kutuzidi, na mezani pake dukani palikuwa na kikapu kidogo cha akamwani, zile kahawa zetu zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo mgeni akifika hupewa atafune kabla ya maneno yoyote. Mteja wa kiberiti kimoja alipewa kahawa kama mkwe.

Ndiye aliyenifundisha. Alijisomea mwenyewe kompyuta kwenye vitabu vilivyoliwa na mende, na ule mfumo wetu aliuandika yeye karibu wote. Mimi nilikuwa naongezea na kusafisha. Na nawaambieni, Nuru alipenda makro kuliko alivyopenda senene.

Makro, kwa wale mliozaliwa juzi, ni kifupisho. Unaandika neno moja, na kabla programu haijatafsiriwa kwa lugha ya mashine, lile neno linafutwa na mahali pake yanabandikwa maneno marefu uliyoyaficha nyuma yake. Hakuna kufikiri. Ni kubandika tu. Ukiipa makro yako kitu, inakibandika kila mahali kinapotajwa, na haiulizi kitu hicho ni nini. Ipe mbuzi, itabandika mbuzi.

Aliyapenda kwa sababu yalikuwa ya haraka. Fanksheni ya kawaida, yaani kazi iliyoandikwa kando ikaitwa kwa jina lake, ilikuwa kama kumtuma mtu chumba kingine: aache alichoshika, aende, afanye, arudi. Mashine yetu ilikuwa goigoi, na wakati inakwenda na kurudi, herufi kutoka redioni zilikuwa zinapita bila kupokelewa. Makro ilifanya kazi pale pale. Kwa hiyo Nuru alikuwa na sababu, msimcheke.

Ingawa wakati mwingine alichekesha. Aliwahi kuandika makro ya saa akasahau mabano, hesabu ikajumlishwa kabla ya kuzidishwa au kinyume chake, na kengele ya chakula cha mchana ikawa inalia mapema kila siku. Hakuna mfanyakazi hata mmoja wa mradi aliyetoa taarifa. Tuligundua pale daktari mkuu alipokuja kututembelea akakuta tumeshakula, tumeshanawa na tumeshasinzia.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Makro ya kupima ujumbe iliitwa PIMA. Ndani yake ilisema hivi: angalia ujumbe kama ni wa dharura, ukiwa wa dharura piga kengele na uchape ujumbe. Neno ujumbe limetajwa mara mbili, mnaona? Zamani Nuru alikuwa anauchukua ujumbe kwanza kutoka kwenye foleni, anauweka kando, ndipo anaupeleka kwa PIMA. Halafu siku moja akafanya usafi. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa finyu, na akaona anaweza kuokoa mstari mmoja kwa kuiambia PIMA moja kwa moja: chukua ujumbe ulio mbele ya foleni, upime. Alifurahi sana siku hiyo, hata mimi nilipewa akamwani mara mbili.

Muda si mrefu, mganga wa zamu Kimwani akashambuliwa na nyuki. Akavimba uso mpaka macho yakafunga, na msaidizi wake akaandika ujumbe wa dharura. Kengele ikalia. Ta Kato akanyakua karatasi, akawasha taa za gari, akaondoka kwa fujo hadi kuku wa mtaa mzima wakahama. Alikuwa amesoma jina la mahali tu, Nshamba; alipofika huko hakukuwa na mgonjwa, na karatasi, alipoisoma kwa utulivu, ilisema: naomba mturudishie sufuria letu mliloazima siku ya sherehe.

Yule mganga wa Kimwani alipona mwenyewe, nadhani kwa hasira. Lakini Ta Kato alirudi akaiweka ile karatasi mezani pangu, na hilo lilinitia wasiwasi kuliko matusi.

Lazima mumjue Ta Kato. Mtu mzima, mrefu, mpole, aliyezaliwa pacha kama jina lake linavyosema. Ule ugonjwa ulimchukulia mke na watoto wakubwa, akabakiwa na binti mmoja tu, Jeneroza, aliyeolewa Buganguzi. Jeneroza alikuwa mjamzito, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imemfikisha kwenye kisu cha upasuaji. Sista Oliva wa zahanati ya Buganguzi alikwishasema kwamba uchungu ukianza, asisubiri, apelekwe hospitali haraka. Gari lilikuwa moja. Dereva alikuwa baba yake. Na wa kumwambia baba kwamba muda umefika alikuwa mashine yetu.

Kila asubuhi alipita chumba cha nyuma, akaitazama ile kompyuta kama mtu anayetazama ng'ombe asiyemwamini, akaniuliza, "Koku, mwana wange, hii itaniambia kweli?"

Nikimjibu ndiyo, ananishukuru, anakwenda kupima upepo wa matairi ambao alikwisha kuupima.

Nuru alisema hakuna kosa. Alisema Nshamba wametuma vibaya, au nyuki wameharibu redio. Na alikuwa na hoja iliyonikata maini: Buganguzi hawajawahi kukosewa hata siku moja. Kila ujumbe wao ulichapwa sawasawa. Kama makro ingekuwa mbovu, ingekuwa mbovu kwa wote.

Nilikaa na hoja hiyo siku kadhaa, nikiwa mkali hata kwa paka. Kisha nikapanda gari na Ta Kato kupeleka betri Buganguzi, nikamkuta Sista Oliva anatuma ujumbe. Aliandika, akabonyeza kutuma. Halafu akabonyeza tena. Nikamuuliza mbona mara mbili. Akaniangalia kama nimeuliza mbona anavaa viatu viwili. Alisema mtu huwezi kubisha hodi mara moja tu ukatarajia kusikika, na kwamba yeye kila ujumbe anautuma mara mbili tangu redio ilipowekwa.

Basi hapo nikaelewa yote, nikakaa chini kwenye ndoo. PIMA ilikuwa inachukua ujumbe mmoja na kuupima, halafu inapofika kwenye kuchapa, inakwenda tena kwenye foleni na kuchukua mwingine. Ule wa kwanza umekwisha kupotea. Wa Buganguzi haukupotea kwa sababu nyuma yake alikuwa amesimama pacha wake. Inampima wa kwanza, inachapa wa pili, na wote wanasema neno moja. Tabia ya Sista Oliva ilikuwa inafunika kosa la Nuru kama kiraka.

Ningerudi nimetulia kama asingenionyesha barua aliyoipata juma lile lile kutoka kwa daktari mkuu. Ilimwagiza aache kutuma mara mbili kwa kuwa anamaliza betri. Alisema kwamba ameamua kutii, kuanzia Jumatatu.

Jeneroza alikuwa amekaa nje kwenye benchi akisubiri kupimwa, miguu imevimba, anacheka na baba yake. Sista akampapasa tumbo, akatangaza kwamba mtoto ni mmoja, mkubwa kama gunia, na mikono yake haijawahi kukosea. Mimi nilitaka kurudi Muleba mbio, kabla ya hiyo Jumatatu.

Nuru alikataa. Nilimweleza kwa maneno akakataa, nikamchorea kwenye karatasi ya kufungia sukari akakataa. Alisema nikiweka fanksheni mashine itakuwa nzito, herufi zitapotea, na hapo ndipo watu watakufa kweli. Nikamwambia nimepata kompaila mpya, ile programu inayotafsiri msimbo kwa lugha ya mashine, kwenye disketi kutoka kwa jamaa wa Kampala, inayojua fanksheni za inline, yaani fanksheni za papo hapo. Unaiandika kama fanksheni, lakini kompaila inaipachika pale pale inapoitwa, haimtumi mtu chumba kingine. Haraka ni ile ile ya makro. Tofauti ni kwamba mgeni anaitwa mara moja mlangoni, anapewa kiti, na maneno yote yanayofuata anaambiwa yeye aliyekalia kiti.

"Mgeni gani tena?" akauliza Nuru, na hapo nikaona njia.

Nje ya duka palikuwa na foleni ya wateja, na wa mbele alikuwa Ta Kato, aliyekuja kununua betri ya tochi. Nikamwambia Nuru: leo wewe ni makro. Kila nikitaja neno mgeni, nenda mlangoni ukamlete aliye mbele ya foleni. Usifikiri, fanya tu. Akakubali kwa sababu alipenda michezo.

Nikasema, "Muulize mgeni kama ana haja ya kahawa." Nuru akaenda, akamleta Ta Kato, akamuuliza. Ta Kato akasema ana haja sana, ametoka barabarani, koo limekauka vumbi.

Nikasema, "Basi mpe mgeni kahawa." Nuru akashika kikapu, akasimama, akakumbuka masharti, akaenda mlangoni. Akamleta Ma Asteria, muuza ndizi, aliyefuata kwenye foleni. Akampa akamwani kwa mikono miwili kama anavyopaswa mgeni. Ma Asteria, ambaye hakuulizwa lolote wala hakuomba, akashukuru, akaanza kutafuna.

Ta Kato alibaki amesimama katikati ya duka, mkono ameunyoosha. Mimi nilikuwa nacheka, Ma Asteria anacheka, foleni yote mlangoni inacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anautazama ule mkono wake mtupu, na niliona jambo linamwingia taratibu.

"Mzee Nuru," akasema, "kwa hiyo mwanangu akilia, hii mashine itamsikia yeye, halafu initume mimi kwa sufuria?"

Kicheko kikakatika. Nuru aliweka kikapu mezani. Akamwekea Ta Kato kahawa kwenye kiganja, akakifunga kile kiganja kwa mikono yake yote miwili. Kisha akaingia chumba cha nyuma akawasha kompyuta, akaniambia nilete hiyo disketi yangu ya Kampala.

Tulifanya kazi siku zile kama watu wanaovuna kabla ya mvua. Tuling'oa makro moja baada ya nyingine. Nuru aliyaaga kila moja kwa jina. PIMA ilikuwa ya kwanza. Kompaila mpya nayo ilikuwa na ukali wa mwalimu mkuu: fanksheni ikitaka ujumbe ukaipa saa, inagoma na kukuambia umekosea, wakati makro ingebandika tu na kunyamaza. Tukagundua sehemu ambayo kwa muda mrefu tulikuwa tunaipa kengele joto la chumba badala ya saa. Hatukujua kama tucheke au tutubu. Tulipomaliza tulipima kwa kutuma ujumbe mmoja mmoja kutoka Kimwani, na kila mmoja ulipimwa wenyewe, ukachapwa wenyewe. Herufi hazikupotea. Nuru alisema ni bahati, lakini aliisema akitabasamu.

Juma lililofuata, asubuhi yenye mvua ya kumwagika, kengele ikalia. Karatasi ikatoka: Buganguzi, Jeneroza ameanza, njooni upesi. Ta Kato aliisoma mara moja, akaniangalia, na sitasahau uso ule hadi naingia kaburini. Kisha akaondoka.

Kabla mlio wa gari haujaisha, kengele ikalia tena. Karatasi ya pili ikatoka, neno kwa neno kama ya kwanza.

Nuru aliinyakua kwa furaha mbaya. "Umeona?" akasema. "Fanksheni zako nazo zinarudia."

Nilikwisha kujua ni nini. Sista Oliva, pamoja na barua ya daktari mkuu na ahadi yake ya kutii, siku ya hatari alibisha hodi mara mbili. Nilianza kumweleza Nuru, lakini alikwisha kuchukua funguo za pikapu yake ya kubebea mizigo ya duka. Alisema mashine imeita mara mbili, basi waende wawili, na kwamba yeye hawezi kukaa dukani kuuza viberiti. Akafunua turubai, akashusha maboksi yote mvuani, akaondoka. Niliyaingiza ndani mimi peke yangu, nikimlaani.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Gari la wagonjwa lilikwama kwenye tope mteremkoni kabla ya kufika Buganguzi, likazama hadi kwenye mhimili. Nuru alimkuta Ta Kato amepiga magoti kwenye matope, anachimba kwa mikono. Akampakia kwenye pikapu. Wakamchukua Jeneroza wakamlaza kwenye magodoro ya zahanati chini ya turubai, Sista Oliva ameketi pembeni anaomba rozari na kumgombeza Nuru kwa mwendo, kwa zamu. Hospitali ikampokea na kumpeleka moja kwa moja chumba cha upasuaji.

Mimi nilikaa mbele ya mashine. Sikuweza kufanya kazi wala kula. Nilihesabu matone ya paa.

Jioni haijafika, kengele ikalia. Ujumbe kutoka redio ya hospitali, uliotiwa alama ya dharura: mama mzima, watoto wawili, wasichana, wazima.

Nikausoma tena. Watoto wawili. Sista Oliva alisema mmoja, na mikono yake haikosei. Vijana wangu, nawaapieni, sikushangilia. Nilivuta kiti, nikafungua msimbo, nikaanza kutafuta ni wapi fanksheni yangu imehesabu mara mbili. Nilipitia mstari kwa mstari jasho likinitoka. Nilikuwa bado natafuta Nuru alipoingia, matope hadi kwenye nyusi, nyuma yake Ta Kato akilia waziwazi bila kujifuta.

Nuru akaitazama skrini, akaona ninachofanya.

"Koku," akasema, "ulinihakikishia kwamba fanksheni yako inamwita mgeni mara moja tu."

"Mara moja tu," nikasema.

"Basi wenyewe wamekuja wawili. Zima mashine, uje unywe chai."

Nikacheka hadi nikalia, na nikalia hadi Ta Kato akaanza kunibembeleza mimi, yeye ambaye ndiye aliyekuwa na haki ya kubembelezwa. Akafungua kikapu cha Nuru, akagawa akamwani kwa kila mtu dukani kama mwenye nyumba, na kwa kila mtu alimwekea mbili. Watoto wakaitwa Nyangoma na Nyakato, majina yetu ya mapacha wa kike. Nyakato ndiye huyo anayewamiminia chai hapo, mwenye kicheko cha babu yake.

Kwa hiyo mkiandika, andikeni kwa akili. Mgeni mwiteni mara moja, mpeni kiti, mpimeni yeye na mumpe yeye. Lakini wakija wawili, msianze kutafuta kosa. Leteni kikapu.